Mama Tumbili na Glavu Iliyochanika

Kazini walimwita Mama Tumbili, naye akacheka nao. Kirusi hakioti kwenye maji matupu, kinataka seli hai. Na pale maabara, mlezi wa seli za figo la tumbili alikuwa yeye. Alizilisha, alizihamishia chupa nyingine zikibanana, alizichungulia kwa hadubini. Zikiwa nzima hutandaa kama mkeka. Kirusi kikizishika hujikunja, zikabanduka na kuelea.

Siku hiyo alikuwa akizitilia damu ya mgonjwa wa homa iliyokuwa ikiua watu wodini. Pipeti, mrija wa kioo wa kunyonyea damu, ikapasuka mkononi. Glavu ya juu ikachanika, na ya ndani pia. Tone la damu yake likachomoza kwenye kidole gumba.

Hakuna aliyemwona. Fundi mwenzake alikuwa amempa mgongo. Nyumbani kulikuwa na mziwanda anayenyonya. Akisema, atafungiwa mbali naye. Akinyamaza, jioni atampakata kwa mkono uleule. Mficha maradhi, kilio humfichua.

"Shemeji," akamwita mwenzake kwa utani wao. "Usinisogelee. Nimejikata."

Akatengwa kwenye chumba chenye kidirisha mlangoni. Maziwa yakamjaa hadi nguo ikalowa. Mumewe akapiga simu, mtoto akilia nyuma yake.

"Chupa anaitema, mama watoto. Anakutaka wewe."

"Mbebe mgongoni, utembee naye. Atazoea."

Alipokata simu akalia yeye.

Kisha homa ikampanda, meno yakagongana. Wakamtoa damu, na shemeji akaitia kwenye seli zilezile alizozilea Mama Tumbili. Kila asubuhi shemeji alipita kidirishani na kutikisa kichwa: bado hazijabanduka. Asubuhi moja hakupita. Mama Tumbili akakaa chini sakafuni. Zimebanduka, akawaza, shemeji hajui aanzie wapi kuniambia.

Jua lilikuwa limeshapanda, kidirisha kilipogongwa.

"Nilirudia kuzitazama, nisije nikakudanganya," shemeji alisema akihema. "Zilizotiwa damu yako zimetandaa zote. Za yule mgonjwa hazijabaki hata moja."

"Na homa hii?"

"Daktari anasema ni ya titi. Maziwa yamekuganda, dada."

Alicheka mpaka kifua kikamuuma.

Walimruhusu baada ya kumpima tena. Nyumbani mtoto alimkazia macho, kisha akaficha uso begani kwa baba yake. Mama hakumlazimisha. Alivua viatu, akaketi mkekani karibu nao, akangoja.