Matonge ya Mlima wa Kasenyi

Siku ile naikumbuka mpaka leo, mjukuu wangu Neema, na jana ulinirudisha kwayo. Ulitoka Marabo kwa baiskeli, gunia la mihogo nyuma, ukakaa mlangoni kabla hata ya kuufungua mzigo. Nilipokuita ule, ukanionyesha simu yako, ile inayopiga hesabu ya kalori zilizoungua njiani.

"Koko, telefone inasema sikutumia nguvu mingi. Bugali ya asubuhi iko bado ndani."

Nilicheka, lakini moyoni niliogopa. Mimi Koko, babu yako, niliwahi kupiga hesabu hiyo hiyo, tena bila simu.

Nilikuwa kijana wa kubeba samaki. Tulishuka Kasenyi ziwani, tukafunga samaki wabichi wa kapiteni nyuma ya kinga, ndizo baiskeli zetu, kisha tukaupanda mlima kurudi kwetu Bunia, sehemu kubwa tukisukuma kwa mikono. Tuliimba mpaka pumzi ikakataa. Ningepewa asubuhi moja tu ya zile, mwanangu, ningeupanda tena, na magoti haya haya mabovu.

Chini ya mlima tulikuwa na desturi yetu. Hakuna aliyejipimia chakula. Mwenzako aliinua mzigo wako kidogo, akakutazama miguu, akakuambia mlima utakula matonge mangapi ya ugali. Ukayala yote, utake usitake.

Siku hiyo nilibeba samaki wa harusi ya dada yangu Furaha. Harusi ilikuwa jioni ile ile, na baba alikuwa amewaahidi wakwe samaki wabichi. Muzee Ngabu, mkubwa wetu njiani, akainua mzigo wangu.

"Kijana, hii iko matonge kumi. Ikala chini, kula."

"Muzee, siko na njaa. Nilishuka bila kuchoka."

Nikaondoka kabla yao, jeuri tupu, nikijiona tayari nashangiliwa nyumbani. Katikati ya mlima macho yaliingia giza. Muzee Ngabu alinikuta nimelala barabarani, kinga juu yangu. Hakunigombeza. Alifungua jani la mgomba, akanilisha ugali na sombe, yale majani ya mihogo, kwa mkono wake, tonge kwa tonge, mpaka jani likabaki tupu. Kilikuwa chakula chake cha kipande cha mlima kilichobaki.

"Sasa enda. Harusi haitakungojea."

"Na weye, Muzee?"

"Miye nitakuya polepole."

Nilifika jua bado liko juu. Mama alipiga vigelegele, wakwe walikula wakashiba. Muzee Ngabu alifika kesho yake mchana. Nguvu zilimwishia, akalala njiani, na samaki wake wote wakaoza. Nilimwona akiwamwaga shimoni, na watoto wake wamesimama pale wakitazama. Aliponiona aliuliza tu, "Harusi ya Furaha ilienda muzuri?" Kisha akasema, "Ulipima kushuka, halafu ukaenda kupanda." Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia. Aibu ile sijaimaliza.

Sisemi utupe simu, mwanangu. Inajua umbali, labda na mwendo pia. Lakini uliiambia uzito wako wewe. Hukuiambia uzito wa gunia, na matope ya njia ile haiyajui. Usijipimie peke yako. Ukiwa na haraka, au ukitaka kupungua ili watu wakusifu, utajidanganya bila kujua, kama mimi. Muulize mtu anayekuona na anayekupenda, na akikuambia kula, ule. Maana ukikosea hesabu ya nguvu zako, kuna mwingine atakayebaki njiani kwa ajili yako, na huyo huenda hatakuambia kitu.

Mungu akulinde katika kila mlima, akupe miguu mizima, na asikukoseshe mwenzako wa kukuinulia mzigo. Leo asubuhi, kabla hujaamka, nimeliinua gunia lako.

Ni matonge kumi na mawili, mwanangu. Kaa, kula.