Siku Niliyobeba Mlango wa Kinyozi Kichwani

Kuna watu wa mtaa wetu wa Keshero ambao hadi leo wakiniona napita wanaweka mkono kichwani kama mtu aliyebeba mzigo, halafu wanageuka pembeni kucheka, na mimi nanyamaza kwa sababu wana haki, tena wanajua nusu tu ya mambo. Wao waliona mwanamume mzima ameanguka barabarani na mlango juu yake. Nusu nyingine, ile inayonifanya nijifunike shuka hadi kichwani nikiikumbuka, ngoja niwaambie ninyi, maana ninyi ni watu wangu na najua mtanicheka kwa huruma kidogo.

Tulikuwa marafiki wanne, na kila Jumamosi mchana tulikutana kwenye saluni ya Bahati kinyozi, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na kompyuta, tukawa tunatazama filamu pamoja na kuzichambua bila huruma. Sheria ilikuwa moja: hakuna kutia sukari. Ukisema "si mbaya" au "wamejitahidi", unatoka kununua maandazi ya wote. Jeannette, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa na jicho la ajabu, ndiye aliyetuonyesha maiti iliyolala kwenye jeneza huku tumbo linapanda na kushuka, na mjane anayelia akichungulia kamera. Bahati yeye alihesabu risasi. Askari mmoja alipiga kuanzia asubuhi mpaka jua kuzama bila kubadilisha magazini hata mara moja, na Bahati aliumia siku tatu nzima kana kwamba bunduki ile ilikuwa ya kwake.

Lakini kwenye filamu za vita mkali wao wote nilikuwa mimi. "Mi nimekimbia vita," nilikuwa nasema, kama mtu anayeonyesha diploma. (Ukweli wenyewe: nilikimbia mara moja, nikavuka mpaka wa nchi kwenda Gisenyi ndani ya gari la binamu yangu, nikalala kwenye godoro zuri kuliko langu, nikarudi nimenenepa.)

Wa nne wetu alikuwa Furaha. Furaha alifukuzwa na vita kutoka mji wa Kiwanja, akaishi kambi ya wakimbizi upande wa Munigi pamoja na mama yake, baadaye wakapanga nyumba ya mbao hukohuko na yeye akaanza kushona nguo. Nilimpenda, jamani, nisizunguke. Naye alikuwa amenikubali, ila alisema mzazi wake akikataa, yeye hatakwenda popote. Sikuzote alimwita hivyo, "muzazi wangu", na muzazi huyo alikuwa tayari amemkataa kijana mmoja mwenye kazi nzuri kwa sababu tu alichezea simu mama akiwa anaongea. Kwa hiyo miezi kadhaa nilikuwa naisubiri siku ya kupelekwa mbele ya muzazi, nikanunua na viatu kabisa, nikawa najifunza kukaa kimya mbele ya kioo. Nilijua pia kwamba baba yake alifariki wakati wa kukimbia, lakini sikuwahi kuuliza vipi, nikidhani kutouliza ndiyo adabu.

Basi Jumamosi hiyo Furaha akaingia saluni na flashi mkononi, nyuma yake mwanamke wa makamo, mwembamba, kitenge kimefungwa vizuri. Akasema, "Leo nimekuja na mama." Sasa ninyi niambieni, katika mji huu nani si mama? Muuza sabuni ni mama, mwenye nyumba ni mama, hata mpwa wake wa miaka minne Furaha humwita mama. Mimi nilikuwa nasubiri neno "muzazi". Nikamsalimia yule mwanamke juujuu, nikamsogezea benchi karibu na kioo, nikadhani ni jirani aliyechoka kukaa Munigi na vumbi lake.

Furaha akasema filamu ile ni fupi, imepigwa kwa simu, na tuseme kama tunavyosema siku zote. Hakusema ni nani aliyeitengeneza. Ningejua kutokana na vidole vyake, maana alikuwa anavisokota mpaka vinalia, lakini mimi nilikuwa natazama maandazi.

Filamu ikaanza. Watu wanakimbia barabarani na magodoro, mbuzi, watoto. Katikati yao msichana aliyevalishwa nguo za mtu mzima anatembea peke yake, kichwani amebeba mlango. Mlango mzima wa mbao, na bawaba zake. Anatembea, anatembea, watu wanampita, yeye na mlango wake. Na hapo, katikati ya filamu, nikanyoosha mkono nikaisimamisha. Hicho ndicho kidole kilichoniponza. Ningeiacha iishe, leo ningekuwa mtu wa heshima Keshero.

Jeannette akasema sauti ni upepo mtupu. Bahati akasema askari wote wamevaa buti za mpira za mtu mmoja wa shambani. Furaha akawa anatikisa kichwa, hata alitabasamu. Kisha wakanitazama mimi.

"Nani anakimbia vita na mulango juu ya kichwa?" nikauliza. "Anaenda kuufunga wapi?"

Bahati akanikumbusha kwamba mimi mwenyewe nilivuka mpaka nimekumbatia televizio. Watu wakacheka, na hilo likanichoma, nikasema televizio ni mali, lakini mlango ni ujinga, na aliyetunga kitu kile hajawahi kusikia bunduki maishani mwake, ameketi mahali anakunywa chai na kufanya sinema juu ya shida za wengine. Furaha aliacha kutabasamu. Mimi nikadhani nimemshinda kwa hoja.

Ningenyamaza hapo. Lakini nikataka kuthibitisha. Mlango wa saluni ya Bahati ni mbao tupu, asubuhi anaung'oa na kuuegemeza ukutani, jioni anaurudisha. Nikatoka nje, nikauinua, nikautwika kichwani, nikaingia nao barabarani ili waone kwamba jambo lile haliwezekani. Motari wawili, wale wa pikipiki za abiria, wakasimama. Wanawake wanaouza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, wakaacha kufukuza nzi. Mimi nikaona nina watazamaji, basi nikakaza kiuno, nikaanza kuyumba, nikageuza sauti ikawa ya kike, nikalia, "Yoo, mulango yangu, mulango yangu." Barabara nzima ilikuwa inacheka. Nilijisikia mkubwa, siwafichi.

Mawe ya Keshero mnayajua, yale meusi ya volkano. Mguu ukaingia kati ya mawili, kiatu kikabaki huko, mimi nikaenda mbele na mlango ukanifuata. Nilianguka kifudifudi na mbao zikanilalia mgongoni, na kicheko kilichotoka pale nadhani kilisikika hadi ng'ambo ya ziwa.

Halafu kikaanza kupungua, nikashangaa, kwa sababu hakuna aliyewanyamazisha. Nikainua shingo. Yule mwanamke mwembamba alikuwa ametoka saluni na anakuja katikati ya barabara, polepole, hatazami mtu. Akashika upande mmoja wa mlango, Jeannette akaja kushika wa pili, wakauondoa juu yangu na kuulaza chini. Aliulaza taratibu sana. Kisha akaniangalia bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mutoto wangu," akasema, "ule mulango haukuwa wa kufunga. Tulikuwa tumemulalisha papa ya Furaha juu yake. Tulimubeba batu bane. Akakufa mu njia, tukamuzika kando ya barabara, bale batatu bakaendelea na batoto babo. Mi nikabaki na mulango. Ningeuacha wapi?"

Motari mmoja akavua kofia yake. Mimi nilikuwa nimeinuka hadi magotini, kiatu kimoja, na katika dakika ileile nilielewa kila kitu kwa pamoja: mama alikuwa mama, filamu ilikuwa ya Furaha, na alichokuja kutazama muzazi wake siku ile hakikuwa filamu. Furaha akachomoa flashi yake kwenye kompyuta, akamshika mama mkono, wakaondoka. Mbele yangu alipita kama anapita mbele ya ukuta.

Simu hakushika wiki nzima. Bahati akasema niache, Jeannette akasema niende, nikaenda Munigi na viatu vyangu, kimoja kimekwaruzwa na mawe. Mama alikuwa ameketi mlangoni anachambua maharage. Nikamwaga hotuba ya msamaha niliyoitayarisha, ndefu, yenye Kifaransa ndani yake (aibu nyingine hiyo). Akasikiliza yote, mkono hausimami.

"Nimesikia," akasema. "Kuna kingine?"

Nilijua nikigeuka kuondoka nimeshampoteza Furaha, na nilikuwa nimeanza kugeuka, lakini kuna swali lilikuwa linanifuata tangu barabarani, nikajikuta nauliza, "Mama, papa alikuwa anaitwa nani?"

Mkono ukasimama. Nikaogopa nimeharibu tena. "Tangu tufike huku," akasema, "batu bananiuliza nilitoka wapi na niko na batoto bangapi. Hii hakuna mutu aliuliza." Akanitajia jina. Kisha akaendelea mwenyewe, jinsi mumewe alivyokuwa anapatana bei ya mbuzi sokoni Kiwanja mpaka muuzaji anakasirika, jinsi alivyokuwa mwoga wa sindano, jinsi alivyoimba vibaya kanisani na kwa sauti kubwa. Alicheka, akalia, akacheka tena. Furaha alirudi na ndoo ya maji akatukuta hivyo. Mama akamwambia anisogezee kiti, na mimi akaniambia nilete wazee wangu.

Walikwenda, wakapokelewa, tukaoana. Jina lile sitaliandika hapa, aliniambia mimi.

Saluni bado naenda, ila wenzangu wanalalamika nimeharibika, maana siku hizi sifungui kinywa mpaka filamu iishe, na hata ikiisha nauliza kwanza ni ya nani na inamhusu nani, na maandazi ya kila Jumamosi nanunua mimi. Sitarudia, nimeapa. Kitu kimoja tu kinaniuma: filamu ya Furaha sijaitazama hadi mwisho mpaka leo. Namwomba, namwomba tena, ananijibu kwamba mwisho wake naujua, niliambiwa barabarani.