Uso wa Dezire Ukutani

Harufu ya plastiki inayoungua hunirudisha Cibitoke, mtaa niliokulia, kwenye chumba chetu cha nyuma, saa tisa za mchana, dirisha limefungwa na watoto sita wamekaa sakafuni wakisubiri sinema yangu. Nilikuwa na miaka kumi na nilijiona mtu mzima kabisa.

Sinema yenyewe ilikuwa ya kuchekesha. Rafiki yangu Kaneza alisimama uani na kipande cha kioo, akilielekeza jua lipite kwenye tundu la dirisha. Mimi ndani nilishika balbu ya zamani niliyoijaza maji. Kati ya tundu na balbu niliweka negatifu, ile filamu ya kahawia ambayo fotografu hukurudishia pamoja na picha zako. Hapo watu walitokea ukutani, wakubwa, miguu juu kichwa chini, nyuso nyeupe na meno meusi. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Negatifu za jirani zilipotuchosha, nilikumbuka bahasha ndogo chini ya nguo za Mama. Sikuomba ruhusa. Kwangu picha ilikuwa ile ya karatasi, inayowekwa kwenye fremu. Filamu niliiona kama ganda tu, kitu kinachobaki picha ikishatoka.

Ndani mlikuwa na kipande kimoja: mtoto kwenye kiti, amevaa kiatu kimoja. Wenzangu wakaangua kicheko. Ndipo mlango ukafunguka, Mama akaingia akitoka sokoni. Nilingoja kofi. Hata hakunitazama. Alitua kapu, akainamisha shingo upande, akaiinamisha zaidi, kama anayetafuta kumwona yule mtoto akiwa amekaa sawasawa.

“Ni Dezire,” alisema.

Jina hilo nililijua. Alikuwa kaka yangu, aliyekufa kwa homa kabla sijazaliwa. Sikuwahi kufikiri kwamba alikuwa na sura.

Mkono wa Kaneza ulichoka huko nje, jua likahama, ukuta ukabaki mtupu.

“Murudishe,” Mama akasema taratibu. “Mi nataka kumuona tena.”

Nilitaka sana kumfurahisha. Kwa haraka nikaiweka filamu upande wa pili wa balbu, pale maji yalipolikusanya jua lote mahali pamoja, nikamwita Kaneza ainue kioo. Moshi ukapanda kabla sijaelewa. Nilipoitoa filamu, ilikuwa na tundu dogo mahali pa uso.

Mama hakunipiga. Aliichukua, akaipuliza muda mrefu, ingawa ilikuwa imeshapoa.

Kesho yake tulikwenda kwa fotografu mmoja kule mtaa wa Asiatique. Aliiinua kwenye mwanga.

“Mama, uso haiko tena. Nikutolee tu vile iko?”

“Toa.”

Karatasi ilikuja na kiti, vidole vya mtoto juu ya magoti, na doa jeusi juu ya mabega. Njiani Mama aliniambia kwamba wakati wa vita, walipokimbia nyumba yao ya kwanza, picha zote ziliungua. Bahasha ile alitoka nayo ndani ya nguo zake.

“Kwa nini hukuitoa picha miaka yote?” nikamuuliza.

“Nilikuwa naogopa kumuona,” akasema. “Jana sikuogopa.”

Miaka mingi baadaye nilizaa mwanangu wa kwanza. Mama alimpakata, akamtazama hadi nikaanza kuona haya.

“Sura ya Dezire inanitoka,” alisema. “We ulimuona karibu siku ile. Hawafanani?”

Utotoni nilidhani nimeharibu kipande cha filamu. Nilipomsikia akiuliza hivyo ndipo nilipoelewa kwamba sura ya marehemu hufifia hata kichwani mwa mama yake, na kwamba yeye alikuwa na mahali pamoja tu pa kwenda kuitazama.

“Wanafanana, Mama,” nikamjibu.

Alitabasamu, akamvuta mjukuu wake karibu. Sijawahi kumwambia kwamba siku ile nilikuwa nacheka na wenzangu, na sikumtazama vizuri.