Kona ya Kipenzi

Mume wangu ana wake wawili, na mkubwa si mimi. Mkubwa ni uwanja wa mpira wa miguu anaoutunza tangu kabla hatujaoana. Akirudi jioni hunieleza nyasi zimeshindaje, na mimi niko kitandani na homa wala hajui. Kona moja, karibu na vyumba vya wachezaji, aliipa jina: Kipenzi. Hata kiangazi kikali Kipenzi ilikuwa kijani kibichi, na kila mgeni wa uwanja alipelekwa kuiona. Alisema ni mkono wake tu.

Basi meneja wa uwanja, mwanamke asiyependa maneno mengi, akachoshwa na bili za maji. Akafunga mita kila upande: vyooni, mabafuni, hata kwenye bomba la nyasi. Za vyooni na mabafuni zilitulia baada ya fundi kubadilisha koki zilizochoka. Ya nyasi ikaendelea kukimbia. Meneja akasema isiposhuka kabla ya mwezi kwisha, atang'oa nyasi zote atandike kapeti la plastiki.

Mume wangu alikosa usingizi. Akaapa hatafungua bomba lile tena. Nilichoona mimi ni tenki letu la nyumbani kukauka upesi. Nikiuliza, ananijibu, "Mama watoto, labda mnafua sana." Nikapunguza kufua, watoto wakaenda shule na kola chafu, na tenki likazidi kukauka. Asubuhi moja nikachungulia uani, nikamkuta anajaza madumu na kuyafunga kwenye baiskeli, ananyata kama mwizi wa kuku.

Nikamfuata kwa miguu, hasira zimenipanda. Nilimkuta uwanjani kasimama mbele ya meneja, mikono nyuma.

"Mita imepanda tena," meneja alikuwa akisema. "Na wewe unasema bomba hujaligusa."

"Sijaligusa, bosi."

"Sasa hizi nyasi zinakunywa nini?"

Aliona haya kusema kwamba anajiibia mwenyewe. Mimi haya hizo sikuwa nazo.

"Zinakunywa maji yangu," nikasema. "Muulize hayo madumu kayatoa wapi. Wanangu hawaogi vizuri kwa ajili ya nyasi zenu."

Nilikwenda kumuumbua, ndiyo, sifichi. Meneja akayatazama madumu, akalitazama bomba. Lilikuwa limefungwa kabisa, na mita bado inazunguka.

"Asante, mama," akasema, akaenda kumwita fundi.

Fundi alilifuata bomba lilikopita ardhini mpaka akasimama juu ya Kipenzi. Hapo ndipo lilipopasuka, na hapo ndipo lilipokuwa likivuja miaka yote ya sifa. Mume wangu akaomba achimbe mwenyewe. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, lakini nilipoona anavyoinua kila kipande cha nyasi na kukilaza kando, yaliniishia. Nilimhurumia.

Mita ikatulia, kapeti halitajwi tena. Kipenzi imerudishiwa nyasi zake, imepauka kuliko kona zote, na wageni hawapelekwi. Siku hizi hata tenki letu lina mita. Anaisoma kila jioni, anahesabu mpaka maji ya kuoshea vikombe.

Jana akaniuliza dumu zima la maji limekwenda wapi.

"Baba watoto," nikamwambia, "labda tumefua sana."

Viatu vyangu vilikuwa bado na tope la uwanjani. Nikavisukuma chini ya kitanda.