Tulivyochelewa Matanga ya Mama Yake Nora

Nilisafiri kwenda Ireland kumchukua mdogo wangu. Kemunto alikuwa mwaka wa pili akihudumia wazee katika mji mdogo wa magharibi, na kila aliponipigia simu kwangu Brooklyn Center, kando ya Minneapolis, alilalamika kwamba hana mtu. Huku Minneapolis nilikuwa nimeshamtafutia kazi. Ilibaki yeye kukubali tu, na kwa simu nilikuwa nimeshindwa.

Ijumaa asubuhi nilishuka Dublin, nikapanda basi la kwenda magharibi. Mvua ilinyesha njia nzima. Mzee niliyeketi naye aliniambia hali ya hewa si mbaya sana, nami nikachungulia dirishani nione kama tunasafiri nchi moja. Kila aliyeshuka alimshukuru dereva, hata bibi mmoja aliyekuwa akimlaumu kwa mwendo wake. Mama mwingine alimaliza mazungumzo ya simu kwa kuaga mara nane. Nilitaka kucheka, kisha nikakumbuka sisi Wakenya tunavyoaga: sebuleni, mlangoni, na tena dirishani mwa gari.

Jioni Kemunto alinipokea kituoni. Kabla sijatua begi, akaniambia msimamizi wake wa kazi, Nora, alifiwa na mama yake Jumapili.

"Kesho tunaenda matanga, Dada. Nime-swap shift. Mimi nitapika pilau, wewe utaomba."

"Wenzako wa kazini wameshaenda?"

"Wote wali-rush Jumatatu, hata program ya mazishi haijatoka! Mimi nikasema wacha nijipange."

Niliona amefanya la busara. Kwetu mtu akifa Jumapili, hazikwi kabla jamaa wa Nairobi hawajafika.

Jumamosi saa nane mchana tulifika kwa Nora tukiwa na nguo nyeusi na sufuria mikononi. Hapakuwa na hema, viti wala magari. Nora mwenyewe alifungua mlango, amevaa glavu za kuoshea vyombo.

"Pole sana, Nora," Kemunto alisema. "Mazishi ni lini?"

"Tulimzika Jumanne."

Nilitamani ardhi inimeze, mimi na pilau. Kumbe kule mtu huzikwa baada ya siku mbili tatu, na wafanyakazi wenzako huja bila kualikwa, wakapanga foleni kukupa mkono wa pole. Kazini kote, Kemunto peke yake ndiye hakuonekana. Alianza kulia kwa aibu pale pale mlangoni.

Nora alichukua sufuria, akatuketisha jikoni. Akala sahani nzima.

"Mji mzima ulipita hapa," alisema mwishoni. "Siku mbili nilikuwa nakata mikate na kumimina chai, sikupata hata nafasi ya kukaa. Tangu Jumatano hakuna aliyebisha hodi."

Kisha akamwuliza Kemunto kama mama yetu yu hai. Kemunto akamweleza jinsi alivyofariki: usiku gani, nani alimshika mkono, aliomba maji, akasema nini. Mimi sikuwahi kuyasikia hayo. Wakati ule nilikuwa zamu Minneapolis, nikafuata mazishi kwenye simu. Wawili hao walilia wameshikana mikono juu ya meza, na mimi nililia upande wangu. Maombi yalinishinda.

Tulipokuwa tukirudi, Kemunto alisema, "Dada, usikasirike. Wacha nikae huku kwanza. Nora amesema nije kila Jumamosi."

Jumatano nilitua Minneapolis. Binti yangu, aliyekuja kunipokea uwanja wa ndege, alitazama nyuma yangu.

"Where's Auntie?"

"Amepata mtu wa kukaa naye."

Nilijifunza kwamba watu wa Ireland huagana polepole na huzikana haraka, na kwamba mfiwa huhitaji mgeni hata baada ya viti kurudishwa. Lakini lililoniuma ni jingine. Nilijiambia nakwenda kumwondolea Kemunto upweke, kumbe tangu mama afariki ni mimi niliyetaka mtu wa nyumbani karibu. Sikuwahi kumwambia hivyo. Na katika simu zote zile, sikuwahi kumwuliza mama alikufaje.