Picha za Ndani na Laptopu Iliyochoka

Tulikuwa watatu sebuleni, na wa nne alikuja baadaye. Nilikuwepo mimi, nimekaa kwenye mkeka nimeegemea ukuta. Alikuwepo mjukuu wangu mpiga picha, ambaye ni mtoto wa binti yangu wa mwisho. Alikuwepo na huyo binti yangu mwenyewe, anachagua mchele kwenye ungo. Wa nne ni mama wa bibi harusi, wa Mlingotini. Mama yake na mimi ni watoto wa ndugu, kwa hiyo huniita mama mdogo. Mwenye duka simhesabu hapo, maana yeye tulimfuata dukani kwake, lakini naye si mgeni kwangu. Mama mkwe wake ndiye aliyenikatia kanga za harusi yangu, wa Wahindi wale waliokuwa na duka la kona.

Majina yao ninayo yote, na ya mama zao, na ya waliowapa majina hayo. Sitayaandika. Habari hii ni ya picha za ndani, na picha za ndani hazisemwi za nani.

Nieleze kwa asiyejua. Huku kwetu, bibi harusi anaposingwa, akapakwa liwa na manukato, ndani huwa wanawake peke yao. Siku hizi mtu mzima mmoja hukaa mlangoni na beseni la kufulia. Kila anayeingia anatumbukiza simu yake humo, beseni linafunikwa kanga, ndipo anapita. Huko ndani buibui linavuliwa, mtandio unatupwa, nywele zinaachwa. Utamwona mama mkwe wa mtu, ambaye barabarani hata kisigino chake hukioni, anacheza mpaka jasho linamtiririka. Kamera inayopita mlango ule ni moja tu, ya mjukuu wangu. Wamemkubali kwa sababu ni mwanamke, na kwa sababu wanajua picha zake zinakokwenda. Zinaingia kwenye laptopu yake, zinatengenezwa, zinachapwa kwa printa yake ndogo pale pale nyumbani, zinakabidhiwa kwa mkono wa mama mtu. Ikitoka moja, ikaonekana kwenye simu ya mwanamume mmoja tu, basi haitwi tena na nyumba yoyote kutoka Kaole mpaka huko mbele. Na yule mtoto hana kazi nyingine anayoijua na kuipenda.

Sasa laptopu yenyewe ilikuwa imechoka. Feni yake ilivuma kama mtu anayepuliza kuni mbichi. Picha ilikuwa haifunguki, inashuka. Inaanzia juu: kwanza unaona dari, kisha mapambo ya karatasi, kisha utepe wa nywele, halafu inaganda hapo. Mjukuu wangu anashika kichwa.

Mimi, niseme kweli, nilikuwa napenda kukaa naye saa zile za baada ya alasiri. Joto limelegea, nje kuku wamenyamaza, mashine inavuma, na picha inateremka polepole kama pazia linaloshushwa na mtu asiye na haraka. Kazi yangu ilikuwa kumwambia huyu ni nani, ili kila nyumba ipate zake. Nilikuwa nikimtambua mtu kabla uso haujafika. Utepe ule namjua aliyeufunga, ni mtoto wa fulani, na bibi yake alifunga vile vile, upande, tulipokuwa wasichana. Macho yananiwia mazito, nasikia ngoma ya siku nyingine kabisa. Bibi huyo aliyekwisha kufa ananijia ananiambia sogea nikae. Namsogelea kidogo mkekani. Halafu mjukuu wangu ananigusa goti, "Bibi, uso umetoka," nami nafumbua macho, na ni yeye kweli, ila ni wa sasa.

Siku hiyo ninayoisema ilikuwa mwezi wa Shaabani, harusi zimefuatana kila mtu akiwahi mfungo. Mjukuu wangu akafunga kifuniko cha laptopu kwa hasira.

"Mimi nanunua mpya wiki hii."

"Ngoja Mfunguo Mosi, mfungo uishe," mama yake akasema, macho kwenye ungo. "Ramadhani hakuna harusi. Utainunua uitazame?"

"Mama, kazi zote zimejaa sasa hivi. Nikingoja Idi, nangoja na picha za watu zimekwama humu."

"Na ukinunua leo uanze kuhamisha na kujifunza upya katikati ya shughuli, mwisho umpe bibi harusi wa huyu bwana wa yule."

"Wako ambao wangeshukuru," nikasema mimi.

Wakacheka wote wawili. Mjukuu wangu akanigeukia. "Na wewe mke mwenzangu, uko upande wa nani?" Ananiita hivyo kwa kuwa babu yake, Mungu amrehemu, alikuwa akimwita mke wake mdogo.

"Mimi niko upande wa mkeka. Lakini kesho nitakusindikiza dukani."

Mwenye duka alitupokea vizuri. Akatoa viti, akatoa laptopu nyeusi, nyembamba kama sinia la shaba, akaisifu. Kisha akasema, "Ya zamani unayo? Niachie hiyo hapa, ongeza kidogo juu yake, uondoke na hii leo leo."

Nikaona uso wa mjukuu wangu umefunguka. Alikuwa nayo begani. "Nipe muda kidogo nifute vitu vyangu kwanza," akasema, na akaanza kuitoa kwenye mfuko.

Nikamwuliza, na niliuliza kwa kutaka kujua tu, "Zikifutwa zinakwenda wapi?"

"Haziendi popote, bibi." Akasita. "Zinaondolewa jina tu. Mashine inajifanya haizioni, mpaka kitu kingine kije kukaa juu yake."

"Kwa hiyo zimo."

"Zimo."

"Na mwenye kujua anaweza kuziita zikaja."

Akaacha kuitoa kwenye mfuko. Nikawaona wale wanawake wote humo ndani ya kile kidude, vichwa wazi, wamekaa gizani bila majina, wanangoja mtu yeyote awaite.

Mwenye duka akaingia kati. "Bibi, fundi wangu mwaminifu sana. Kijana wa swala tano."

"Kijana?"

"Kijana, ndiyo."

"Basi. Uaminifu wake sina shaka nao."

Mjukuu wangu akamwuliza, je, akiitoa ile diski ya ndani inayobeba picha akabaki nayo? Mwenye duka akacheka. "Bila diski utaniachia sahani tupu. Nitapakua nini?"

Tulirudi bila kununua. Njiani mtoto akaniambia ipo njia ya kufuta kabisa, kitu kisirudi. "Lakini siwezi kuapa, bibi. Mbele ya mama wa mtu siwezi kuapa." Nilijua anachokiwaza. Ile mpya hawezi kuichukua bila kuiacha ya zamani, maana akiba yake haikufika huko. Na ya zamani ikifa kabla hajamaliza kazi, itabidi ifunguliwe na fundi huyo huyo, au fundi mwingine kama yeye. Pande zote mbili mlango wake ulikuwa unafungwa.

Hatujakaa, tukasikia hodi. Ni yule mama wa Mlingotini.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Za nyumbani?"

"Nzuri, nzuri." Alikuwa amekuja kwa maneno, ilionekana kwa jinsi alivyokaa bila kuvua ushungi. "Nimefuata picha za singo ya mwanangu. Upande wa bwana harusi walimleta mpiga picha wao wa kiume kutoka Dar, kesho yake tu wameshapewa. Wakwe wananiuliza zangu ziko wapi. Sisi mpiga picha wetu bado anapuliza moto?"

Binti yangu akainua uso kutaka kumtetea mwanawe. Nikamkonyeza aache.

Mjukuu wangu akakaa chini mbele ya yule mama. "Mama, nikwambie kama ilivyo. Laptopu yangu imechoka. Nikiipeleka dukani kesho nitapewa nyingine, na picha zako utazipata kabla ya mfungo. Lakini hii itabaki kule dukani, na picha zimo ndani, zimefutwa nusu. Nikibaki nayo, utazipata Ramadhani imekwisha fika katikati, ikiwa haitakufa. Chagua wewe. Utakalosema nitafanya."

Yule mama akatazama mfuko wa laptopu muda mrefu. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na mimi nimo humo?"

"Umo, mama."

"Nafanya nini?"

Mtoto akanitazama mimi.

"Nacheza?" akauliza.

"Unacheza."

"Nacheza vipi?"

"Umepanda juu ya kinu," nikamwambia. "Kimepinduliwa, na wewe uko juu yake. Na lile gauni la kijani."

Akajifunika uso kwa ushungi, mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. Binti yangu akaangusha ungo. Tulicheka mpaka mchele ukatapakaa.

"Nitangoja," akasema akipangusa machozi. "Hata Idi nitangoja. Mwambieni huyo wa dukani akae na mpya yake. Na wakwe nao wangoje. Waniulize mimi."

Akavua ushungi, akatusaidia kuokota mchele.

Basi Ramadhani ikaingia, na kazi ikahamia asubuhi. Baada ya swala ya alfajiri mashine huwa bado ya baridi. Mjukuu wangu aliiweka juu ya sinia la bati ili joto liende chini, mimi nikakaa ubavuni kwake. Mtu aliyefunga hawazi haraka. Mwanga wa dirishani ulikuwa wa rangi ya maziwa, picha zikawa zinashuka moja moja, na mimi nikawa nazitaja kwa sauti ambayo hata sikuisikia vizuri. Kuna asubuhi nilimtaja mtu ambaye hakuwepo. Niliona mkono uliochorwa piko, nikasema jina la shoga yangu wa utotoni, na mtoto akaliandika. Uso ulipofika ni kitukuu chake. Tukaufuta ule mwandiko, lakini nilibaki siku nzima nimekaa na shoga yangu.

Siku moja mashine ilijizima katikati ya picha. Mtoto alibonyeza, akabonyeza. Kimya. Alikaa ameishika mapajani kama mtoto mchanga mwenye homa, machozi yanamdondoka. Mama yake, yule yule aliyekuwa akisema subiri, aliacha alichokuwa akikifanya, akachukua kipepeo cha ukindu akakaa kuipepea. Akapepea mkono huu, ukichoka mkono ule. Mpaka adhuhuri ilipoadhiniwa, mtoto akabonyeza tena, na taa ndogo ya pembeni ikawaka. Binti yangu akasema Alhamdulillahi, akaenda kuswali.

Picha zikaisha. Yule mama wa Mlingotini alikuja mwenyewe kuzichukua, akazitazama chumbani, pazia limeshushwa, nami nilikuwa naye. Alipofika pale kwenye kinu alikaa nayo. Alipitisha kidole juu ya lile gauni. "Sikujua kama naweza kufurahi hivi," akasema. Akaifunga albamu, akaitia ndani ya kanga, kanga ndani ya mkoba, mkoba kwapani. Kabla mwezi haujaisha, nyumba moja ya Kaole ikatuma mtu kumwita mjukuu wangu kwa singo ya Mfunguo Mosi. Aliyetumwa alisema wameelezwa kwamba huyu ndiye aliyekataa kuiacha mashine dukani.

Kaole wakampa malipo ya mbele, yakaungana na alichokuwa nacho, tukarudi dukani. Mwenye duka akalitazama bega la mtoto. "Ile ya zamani?"

"Ile haiuzwi. Iko kwa bibi, sandukuni."

"Bibi ataifanyia nini?"

"Nitaikalia," nikasema.

Akaiwasha ile nyeusi mpya. Mjukuu wangu akachomeka flashi yenye picha moja ya mnazi tu, kuijaribu. Ikafunguka yote kwa pamoja, mnazi mzima, kuanzia makuti hadi mizizi, kabla sijapumua. Nilishtuka, kama mtu ameingia ndani bila kupiga hodi. Mtoto akacheka kwa furaha, akanishika mkono, "Umeona, mke mwenzangu?" Nikamwambia nimeona. Na nilifurahi kwa ajili yake, tena sana. Ila nilijua kwamba sasa nyuso zitanitangulia mimi.

Hilo la siku ya kununua ndilo linalonichanganya. Binti yangu anasema tulikwenda kabla ya sikukuu, mjukuu wangu anasema baada. Mimi nakumbuka mwenye duka alinipa chai ya tangawizi nikamrudishia kikombe kwa kuwa nimefunga. Lakini huenda nilikuwa nafunga zile siku sita za Mfunguo Mosi, baada ya sikukuu, nayo ni saumu vile vile. Yeyote aliyekuwepo, na anayekumbuka kama mji ulikuwa tayari umevaa nguo mpya siku ile, anisahihishe. Sitakasirika.