Nyumba Iliyopata Alama Tisini na Mbili

Kwa miaka kumi na minne kazi yake ilikuwa kuingia katika nyumba wanamotunzwa watu wazima wenye ulemavu, kuzikagua, na kutoka akiwa amezipa alama. Ofisini, na hata katika nyumba hizo, walimwita Bi Fomu, kwa sababu hakuna aliyeijua fomu ile ya kurasa kumi na moja kama yeye. Vitanda, vyoo, jiko, kabati la dawa, mlango wa dharura: kila kitu kilikuwa na kisanduku chake cha kuweka tiki. Alijivunia kwamba hajawahi kupokea zawadi ya mtu. Chai alikunywa, maana chai si rushwa.

Kwao alikuwa na mdogo wake wa kiume, mtu wa miaka thelathini na nane, aliyezaliwa na mwili uliokakamaa. Mikono na miguu haikumtii, na maneno yalimtoka kwa kujivuta. Familia nzima ilimwita Bosi, kwa vile kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu ndiye aliyeamua redio ifunguliwe stesheni gani na nani kachelewa kurudi. Mama yao ndiye aliyemwogesha, aliyemlisha na kumgeuza kitandani. Mwaka huo nyonga ya mama ikagoma. Asubuhi moja alimwinua Bosi nusu, wakaanguka wote wawili kati ya kitanda na ukuta, wakakaa sakafuni saa nzima mpaka jirani alipowasikia.

"Niko chini, nguo imenipanda mpaka kifuani, na yeye ananiuliza kama nimeumia," mama alisimulia, akicheka ili asilie. Kisha akamgeukia binti yake. "Mwanangu, wewe ndiye unayezijua hizo nyumba. Tutafutie moja nzuri. Ile ambamo wewe mwenyewe ungelala."

Bi Fomu hakuhitaji kufikiri. Miaka miwili nyuma aliikagua nyumba moja yenye kuta za rangi ya krimu, akaipa tisini na mbili kwa mia. Hakuna nyingine iliyoikaribia. Wakati ule alipiga simu wiki moja kabla ya kwenda, kama utaratibu ulivyotaka. Safari hii alikwenda kama dada wa mtu. Hakupiga simu, na alifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, apite mara moja kabla ya kazi.

Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa. Akazunguka nyuma, akaukuta wa jikoni uko wazi, akabisha hodi, kimya, akaingia.

Harufu ilimpokea kabla ya mtu. Juu ilikuwa dawa ya sakafu, kali ya kuchoma macho. Chini yake mkojo wa jana na wa juzi, ule uliokwisha kuhamia kwenye magodoro na kufanya makazi. Koridoni watu kumi na mmoja, wanaume kwa wanawake, walikuwa wamepangwa mstari mmoja kwenye viti vya plastiki vyenye tundu katikati. Walikuwa uchi kuanzia kiunoni kwenda chini, ndoo chini ya kila kiti, wakisubiri zamu ya kuoga. Na walikuwa wanakula. Wenye mikono inayoshika walishika vipande vya mkate; wengine walisubiri, midomo imekauka. Hapo hapo, juu ya ndoo zao.

Bafuni mhudumu mmoja mwenye buti za mpira alikuwa akiwaogesha wote kwa beseni moja na kitambaa kimoja. Maji yalikuwa yameshika rangi ya matope. Kitambaa kilitoka makalioni mwa mzee mmoja, kikachovywa, kikaenda usoni mwa mwingine. Bi Fomu akashika fremu ya mlango.

"Hayo maji umebadilisha saa ngapi?"

"Wewe nani?" Mhudumu hakuinua hata kichwa. "Dada, niko peke yangu. Hawa ni kumi na mmoja, na saa mbili meneja anataka wawe wamevaa. Kama umekuja kusaidia, vua viatu. Kama umekuja kushangaa, usinizibie njia."

Mikono yake ilikuwa imepasuka kwa sabuni ya kufulia, hadi kwenye viwiko.

Mwisho wa mstari alikaa mwanamke wa makamo aliyewahi kufundisha hesabu kabla gari halijamgonga na kumwacha bila nguvu kuanzia shingoni kwenda chini. Pale ndani waliendelea kumwita Mwalimu. Hakuweza hata kuvuta nguo ajisitiri.

"Nakukumbuka," alisema. "Mwaka juzi. Ulivaa koti la bluu. Ukaniuliza, 'Hapa mnaendelea vizuri, eti?' Meneja kaniwekea mkono begani. Nikasema vizuri. Ukaandika."

"Mbona hukuniambia ukweli?"

"Wewe ungeondoka saa sita. Mimi ningebaki." Akavuta pumzi. "Na yale mashuka meupe uliyoyasifu yalitoka stoo asubuhi ile. Jioni yakarudi stoo."

Bi Fomu akavua mtandio wake akamfunika mapajani. Kisha akavua viatu kweli. Akamwaga maji yale, akateka mengine, akatafuta kitambaa kisafi, akakosa, akachana kipande cha shuka. Alipomlaza Mwalimu kitandani na kumgeuza ubavu kwa msaada wa mhudumu, aliona kidonda chini ya mgongo, kipana kama mdomo wa kikombe, bandeji imegandia usaha wa siku nyingi. Akakisafisha kwa kadiri alivyoweza. Halafu akatoka nje, akatapika nyuma ya tangi la maji.

Hakutapishwa na kidonda peke yake. Katika fomu yake kulikuwa na swali: hali ya ngozi ya wakazi. Alikuwa ameweka tiki kwenye "nzuri", na hakuwa amemgeuza hata mtu mmoja.

Meneja akaingia saa mbili, marashi yakimtangulia. "Jamani, Bi Fomu! Ungesema unakuja, tungejiandaa."

"Nimeona mnavyokuwa msipojiandaa."

"Usinielewe vibaya, dada yangu. Hii kazi ni ngumu. Na wengi wao, tuseme ukweli, hata hawajielewi."

"Kumi na saba mara kumi na tisa ni mia tatu ishirini na tatu," Mwalimu alisema kutoka kitandani. "Mimi najielewa, meneja. Na wanaokaa kimya hapa wananuka kwa sababu yako. Hilo wanalielewa sana."

Siku ile ile Bi Fomu akaandika ripoti. Mkuu wa idara aliisoma, akafunga mlango.

"Unajua ni nani aliyewapa tisini na mbili?"

"Jina langu liko ukurasa wa kwanza. La meneja liko wa pili."

"Tungeandika tu kwamba hali imeshuka hivi karibuni."

"Haijashuka, mkuu. Ilikuwa hivyo hivyo nilipokuwa nakunywa chai yao."

Akapewa barua ya onyo, akapelekwa masjala kupanga mafaili miezi sita. Meneja aliondolewa. Wahudumu wakafika wanne, na yule mwenye buti akabaki, maana ndiye pekee aliyejua nani anaumia wapi. Mwalimu alilazwa hospitali wiki tano, kisha akarudi nyumba ile ile, kwa vile hakukuwa na pengine pa kumpeleka. Wakaguzi walitumwa kwenye nyumba nyingine tatu bila taarifa. Mbili zilikuwa mbaya zaidi, na moja ya hizo mbili ilikuwa na cheti cha ubora ukutani.

Lililomshinda Bi Fomu lilikuwa la nyumbani. Bosi alisikiliza habari yote, kisha akauliza, neno moja moja, "Ungeniacha... huko?"

Angeweza kudanganya. "Ningekuacha," alisema. "Ningekuja Jumapili na matunda, ningekuta shuka jeupe, ningerudi nimeridhika."

Bosi akaagiza redio izimwe. Ilikaa hivyo siku tatu, na hakuna aliyethubutu kuigusa.

Baadaye wakapata huduma ya mhudumu wa kuja nyumbani kila asubuhi. Wa kwanza alikuja na glavu zake, akasimama wima mbele ya kiti cha Bosi, akamwuliza mama, "Huyu anakula nini?"

"Muulize mwenyewe," mama akamjibu, fimbo mkononi.

Mhudumu akacheka kidogo, kama mtu aliyeambiwa aiulize meza. Bosi akamtazama kuanzia viatu hadi kichwani. "Huyu... aende," akasema.

Akaenda. Wa pili alidumu wiki. Wa tatu, siku ya kwanza, alichuchumaa mpaka macho yake yakalingana na ya Bosi, akamuuliza maji anayapenda ya moto kiasi gani. Huyo ndiye aliyebaki.